Kumtega mnyoo kwenye chakula chake

Mzizi huu ni wa mnyanya. Naomba upite mkono kwa mkono, kila mmoja auguse. Hayo manundu ni kazi ya minyoo fundo. Anayeingia mzizini ni mchanga mno, hafiki hata nusu milimita, lakini mdomoni ana sindano yenye tundu. Huichoma seli, akaitemea mate, na seli badala ya kufa hunenepa ikawa jiko lake. Jike akishatulia hapo hahami tena. Ni kula na kutaga mayai kwa mamia. Huku juu mkulima anaona majani yamesinyaa mchana, anadhani ni kiu, anazidi kumwagilia.

Nyanya pori ilitupatia jeni iitwayo Mi, yenye kumzuia mnyoo huyu. Ni jeni nzuri, ila joto la udongo likipita nyuzi 28 hivi inalegea. Yaani askari anayelala mchana!

Sasa fikirini: kiumbe huyu hana budi kunyonya mmea. Basi kwa nini tusimtegee humo humo? Mwaka 1998 wanasayansi Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwamba ukimpa mnyoo RNA, yaani molekuli ibebayo ujumbe wa jeni, ya nyuzi mbili na inayofanana na jeni yake, jeni hiyo hunyamazishwa. Walimtumia Caenorhabditis elegans, jamaa yake asiyedhuru mimea, wakapata Nobel mwaka 2006. Mhandisi wa jeni huufundisha mmea kutengeneza RNA ya namna hiyo. Mnyoo anainyonya, na jeni anayoihitaji ili aishi au azae inazimwa na mwili wake mwenyewe.

Njia nyingine ni sistatini, protini inayofunga vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni mwake. Anakula, hashibi. Uganda waliijaribu shambani kwenye migomba. Wanaoogopa jina hilo wajue kwamba iko kwenye punje za mchele na ute wa yai.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kuchagua jeni ya kuzima. Isifanane na ya nyuki, wala ya minyoo wema wanaoozesha majani, wala yetu sisi. Hapo ndipo ninapotaka maswali yenu, na msinionee huruma.

Mzizi umefika wapi? Aliye nao aurudishe kwenye mfuko, asiutupe nje. Mayai yaliyomo bado yako hai.