Acheni Kuniomba Mbegu za Mwaloni, Najibu Mara Moja kwa Wote

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Tangu niweke ile video ya miti ya mwaloni niliyoikuta mlimani huku Arizona, Marekani, maoni ni yaleyale: "Kaka, si ulisema Arizona ni jangwa? Hiyo miti imetoka wapi? Tutumie mbegu tupande Dodoma." Nimejibu inbox hadi vidole vimechoka. Sasa nikionyesha mlima naambiwa naringa, nikitaja gharama naambiwa "rudi nyumbani kama kugumu". Sijasema kugumu. Sikilizeni kwanza.

Mti wenyewe ni huu, mwaloni wa Emory, Kiingereza wanaita oak, umepewa jina la William Emory, mwanajeshi mpimaji aliyefanya kazi ya kupima mpaka wa Marekani na Meksiko. Unaota milimani kusini mwa Arizona, New Mexico, hadi ndani ya Meksiko. Chini hapa mjini Tucson kiangazi ni nyuzi 40 na kupita, hilo mmeshalisikia. Ila ukiifuata barabara ya kupanda mlima wa Mount Lemmon, yale madungusi marefu yenye mikono yanapungua, na ukifika Molino Basin, kama mita 1,300 hivi, ndipo unaikuta mialoni. Oneni jani hili, nasogeza kamera. Gumu, linang'aa, pembeni lina vimiiba. Baridi ikija halipukutiki. Linasubiri hadi majani mapya yawe yanachipua ndipo linaanguka.

Na mbegu zake zinaliwa, ndiyo. Mialoni mingi mbegu ni chungu, mpaka uloweke na kumwaga maji weee, lakini hii unapasua ganda kwa meno unatafuna kama karanga. Kauchungu kapo kwa mbali. Waapache, wenyeji wa asili wa huku, wanazisaga unga wanatia kwenye mchuzi wa nyama, wamefanya hivyo tangu enzi za mababu. Wameksiko wanaziita bellota, utawakuta wanauza kando ya barabara.

Sasa kutuma. Zinaiva kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, mvua za kiangazi zinapoingia, zikianguka zinataka kuota palepale. Zikikauka zimekufa. Nikikutumia bahasha, utapanda maiti.

Bado karatasi. Huko nyumbani unatakiwa kibali cha kuingiza mbegu, hicho ni cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Huku unatakiwa cheti cha afya ya mimea, mkaguzi auone mzigo kwa macho yake. Ada huku, ada kule, usafirishaji juu yake. Na mimi na mizigo tuna historia. Niliwahi kumtumia mama nguo kupitia wakala mmoja, simtaji, kila wiki ananiletea risiti mpya: hii ya kuhifadhi, hii ya kugomboa, hii sijui ya nini. Mzigo ulipofika, viatu havimo. Nikiuliza, "mtandao uko chini, bosi." Mtandao umekula viatu vya mama! Eti leo nianze tena kwa ajili ya mbegu?

Hayo ni yangu mimi, lakini. Kuna mwenzangu yuko Minnesota anatuma mizigo kila mara na inafika salama, kwa hiyo usinishike shati ukasema fulani alikataza. Kila mtu na njia yake.

Ila ukiniuliza mimi, mtu wa Dodoma anatafuta nini Arizona? Migunga na mibuyu iko hapo hapo, ukame inaujua, na haiombi kibali cha mtu.

Na wewe uliyeandika kwamba nazificha ili nifanye biashara, kamfuko kadogo ka bellota hapa, kwa bei yake, huko kwenu unabeba ndoo ya karanga. Mafuta ya gari ya kupanda mlima sijayahesabu. Biashara gani hiyo?

Video ijayo ni leseni ya udereva. Chini hapo ulizeni ya leseni tu, mkiuliza mbegu nafuta.