Kupima na kutia iodini kwenye tangi la matumbawe (na kwa nini chupa haipiti juu ya maji)

Haya, karibuni. Leo ni iodini. Mmeniuliza sana juu ya haya madini madogomadogo, nikimjibu mmoja wanne wanauliza upya, basi nimewasha kamera yaishe.

Tangi ndilo hili, Hamburg, sebuleni. Kioo kinasema lita 250. Maji yenyewe ni lita 200, maana mawe na mchanga vimekula nafasi, na hapo nimeshajumlisha tangi la chini lenye skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu. Hiyo 200 ndiyo inayoingia kwenye hesabu, si ile ya dukani. Na kabla hamjauliza: hapana, sikuyabeba kutoka kwetu. Mimi mtoto wa Mombasa, nimekua nikitembea miambani Nyali maji yakitoka, lakini matumbawe ya mawe yamo kwenye CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, huyatii tu kwenye begi na vitenge. Hivi ni vipande nilivyokatiwa na wenzangu kwenye matangi yao, vikakua.

Chumvi kwanza. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: tone, funika, tazama: 35, yaani gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Safi. Chumvi ikiwa pungufu, madini yote yatasoma chini, utahangaika kununua vichupa kumbe ulihitaji chumvi tu. Na refraktomita isawazishwe kwa maji maalumu ya 35, msiridhike na maji matupu. Twende.

Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi; tunaisoma kwa digrii, dKH. Suuza kichupa, vuta maji, tia matone ya rangi, hii mnaijua. Imekuwa buluu. Sasa asidi kwa bomba la sindano, polepole... njano inakuja, inapotea... inakuja... hapo, imekaa. Tusome.

6.4.

Subirini. Jumapili ilikuwa 7.8. Napima tena, na hapa sikati video, mvumilie.

6.4 tena. Ngoja nigeuze kamera. Mnauona huu mrija wa pampu ya dozi, ile inayotia alkaliniti kidogokidogo? Ncha imezama majini, na mdomoni chokaa imeganda kama ukoko wa wali. Pampu inanguruma usiku kucha, hakishuki kitu! Na mimi hapa nilikuwa nimekuja kuwafundisha iodini.

Basi, nakata sentimita moja ya mrija, naufunga juu ya maji usiguse tena. Pengo ni 1.4. Kwa lita 200, gramu 6 za bikaboneti ya soda hupandisha dKH 1, kwa hiyo jumla ni gramu 8.4. Siitii yote leo, matumbawe hayapendi kurushwa. 4.2 leo, 4.2 kesho. Hapa Ujerumani inaitwa Natron, iko kwenye rafu ya unga wa keki. Bekingi pauda siyo, ile ina asidi na wanga ndani. Nayeyusha kwenye maji ya RO, yaani yaliyochujwa yakabaki matupu, namimina taratibu pale mkondo unapovuma. Tayari.

Sasa iodini yenyewe.

Baharini iko kama mikrogramu 60 kwa lita. Kalsiamu ni kama miligramu 420, yaani mara 7,000 zaidi. Ndiyo maana kalsiamu napima mwenyewe mezani, lakini iodini napeleka maabara. Vifaa vya nyumbani vya iodini vipo, mimi vimenichosha macho. Maabara wanapitisha maji kwenye plazima ya ICP, moto wa maelfu ya nyuzi, kila elementi inatoa mwanga wake, wanahesabu. Wanakupa iodini, strontiamu, molibdeni, hadi shaba usiyoitaka.

Kujaza kichupa cha maabara: nawa mikono, vaa glovu, suuza kichupa mara tatu kwa maji ya tangi, jaza, funga. Chukua kabla ya kutia dozi yoyote, si baada. Na msicheke, lakini matokeo yangu ya kwanza yalirudi na zinki juu, nikatafuta sumaku ya kusafishia kioo iliyoshika kutu wiki nzima. Kumbe asubuhi ile nilikuwa nimempaka mtoto krimu ya nepi, na krimu ile ni zinki tupu. Glovu, jamani.

Matokeo ya safari hii: iodini 32. Nataka 60. Pengo 28, mara lita 200, ni mikrogramu 5,600, yaani miligramu 5.6. Angalia herufi kwenye karatasi: mikro au mili? Tazama tena.

Hii hapa Lugol, maji ya iodini na iodidi, ya asilimia 5. Mililita moja ina iodini kama miligramu 126, ukijumlisha na ile ya iodidi. Tone moja ni kama miligramu 6.3. Mmeona? Tone moja tu lingelipita pengo lote kwa mpigo. Kwa hiyo naipunguza makali: mililita 1 ya Lugol, mililita 99 za maji ya RO, kwenye chupa nyeusi. Sasa kila mililita ina miligramu 1.26. Nahitaji kama mililita 4.4. Nagawa siku tano, mililita 0.9 kila siku.

Na hapa nisikilizeni. Chupa isipite juu ya tangi. Mwaka juzi nilikuwa nadondosha moja kwa moja, mkono juu ya maji, najiona fundi. Kile kidude cha plastiki cha mdomoni kikachomoka. Ikamwagika kama kijiko kizima cha Lugol isiyopunguzwa, maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikabadili maji, nikatia mkaa wa kuchujia, lakini akropora yangu ya samawati, tumbawe la matawi, ilianza kuchubuka chini, kufika Ijumaa ikabaki mfupa mweupe. Basi: chupa mezani, vuta kwa bomba la sindano, FUNGA chupa, ndipo uende kwenye tangi. Nimefunga? Nimefunga. Mnaona kifuniko? Haya.

0.9, natia tangi la chini, karibu na pampu. Mkaa nimeutoa kwa siku hizi tano, maana unaila iodini. Chupa bado iko mezani, nawakumbusha.

Huyu samaki ananing'ata kidole, msimjali, kila mgeni ni adui kwake.

Kesho asubuhi napima alkaliniti tena, tuone kama mrija umekubali. Maji ya maabara napeleka tena baada ya wiki mbili, si kesho, pesa haziokotwi.

Ala, nimedondosha iodini kwenye kitambaa cha meza. Kidonge cha vitamini C, kiyeyushe kwenye maji, pakaza... doa linafifia, mnaliona? Linaondoka. Nifanye haraka, mama watoto anapanda ngazi.