Ukuta wa Mombasa haukauki kwa kufungua dirisha

ATHMAN: Hamjambo nyote, karibuni kipindini. Leo ni habari ya maji, na si ya kunywa. Ni yale yaliyoingia pasipotakiwa: tangi limefurika usiku, bomba limepasuka ukutani, slebu imevuja. Bi Zuhura, twaanza wapi?

ZUHURA: Twaanza na onyo, kaka. Mtu akiona maji chumbani hukimbilia simu, na video nyingi atakazozipata zimetengenezewa nyumba za kwingine. Chukua Phoenix, Arizona, mji wa jangwani. Mwezi wa Juni alasiri, unyevu wa hewa huko hushuka chini ya asilimia 20. Ukiambiwa ufungue madirisha na uwashe feni, kule ni ushauri wa maana, maana hewa ya nje ina kiu. Hapa kwetu unyevu kwa wastani uko asilimia 75 na zaidi, na usiku hupanda. Unafungua dirisha ukitaka kukausha, kumbe waongeza.

ATHMAN: Na kuta zao si kama zetu.

ZUHURA: Hata kidogo. Nyumba nyingi za kule ni fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu. Fundi hukata jipsamu sentimita 60 hivi juu ya sakafu, huitupa, hukausha mbao, huweka mpya. Wewe una ukuta wa matumbawe wa nusu mita pale Kibokoni, Mji wa Kale. Utakata nini?

ATHMAN: Haya, saa ya kwanza. Maji yako sakafuni sasa hivi.

ZUHURA: Stima kwanza. Zima swichi kuu, lakini kama kisanduku chenyewe kimelowa au umesimama majini, usikiguse, waite watu wa stima. Kisha funga koki ya tangi. Watu hufunga ile ya mita, na tangi la lita 1,000 liko juu linaendelea kumwaga. Kama dari la jipsamu limefanya tumbo, usingoje lianguke. Weka ndoo, simama kando, toboa kwa bisibisi pale lilipoteremka zaidi. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo tumbo la lita 40 ni kilo 40 juu ya kichwa cha mtu.

ATHMAN: Mazulia na magodoro yatoke siku hiyo hiyo. Ukungu waweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, na joto letu linausaidia. Makabati ya mbao za kusagwa yakishavimba miguu hayarudi. Usihangaike nayo.

ZUHURA: Sasa hapa ndipo watu hupoteza pesa. Fundi wa maji anakuja, anaona ukuta umelowa, anasema bomba. Anavunja vigae. Bomba zima.

ATHMAN: Kwa hivyo kabla nyundo haijaguswa?

ZUHURA: Majaribio matatu yasiyo na gharama. La kwanza, tangi. Usiku hamtumii maji, funga yanayoingia, weka alama ya kiwango, tazama asubuhi. Kimeshuka, kuna uvujaji baada ya tangi. Hakikisha si choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka.

La pili, kiyoyozi. Doa likiwa chini ya kiyoyozi au ukuta wa nyuma yake, tazama kwanza ule mpira wa kutolea maji. Hujaa utelezi, maji yanarudi ndani. Upulize au uvute kwa mashine ya kufyonza, umimine kikombe cha siki, uhakikishe unateremka mpaka mwisho.

ATHMAN: Na kuna la kiyoyozi ambalo si uvujaji kabisa. Chumba kimoja kimewekwa digrii 18, cha jirani hakina kiyoyozi. Ukuta wa kati unapoa, na hewa yetu huanza kutoa umande ikifika digrii 23 au 24 hivi. Basi upande wa pili, nyuma ya kabati la nguo, ukuta unatoka jasho. Nguo zinanuka, lawama zinakwenda kwa bomba. Dawa ni kupandisha kiyoyozi mpaka 25 na kusogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani.

ZUHURA: Hilo ndilo linaloleta jaribio la tatu, nami nalipenda kuliko yote. Kata plastiki angavu, sentimita 45 kwa 45. Pangusa ukuta, ubandike kwa tepu pande zote nne pasipite hewa. Ngoja saa 16 au hadi kesho yake. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa juu yake, upande wa chumba, yanatoka hewani.

ATHMAN: Tuseme chanzo kimepatikana na kimezibwa. Kukausha.

ZUHURA: Mwenye kiyoyozi afunge madirisha na milango, akiweke kwenye hali ya kukausha hewa, feni ielekee ukuta kwa mshazari. Mashine ya kukausha hewa ikipatikana ni bora zaidi, na ndoo yake imwagwe kila inapojaa. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, lengo ni chini ya asilimia 60 chumbani. Asiye na hivyo vyote, afungue kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi hivi, jua likiwa kali, afunge jioni. Ni polepole, lakini ndivyo.

ATHMAN: Polepole kiasi gani?

ZUHURA: Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za ukuta, hali ikiwa nzuri. Ukuta wa sentimita 15 wa bloku ni kama miezi sita. Ule wa Mji wa Kale ni mwaka na zaidi. Ndiyo maana rangi iliyopakwa wiki ya tatu huchubuka wiki ya nane.

ATHMAN: Halafu kuna wale ambao ukuta ulikauka, na mwezi wa Mei ukalowa tena, bomba halivuji, slebu haivuji.

ZUHURA: Chumvi. Chumvi ya kawaida, hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, huanza kuvuta maji hewani mpaka iyeyuke. Tazama tena tarakimu yetu ya wastani. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, wanaona unga mweupe tu. Masika yanaingia, doa linarudi lilipokuwa. Phoenix chumvi hiyo hiyo ingebaki unga mkavu.

ATHMAN: Na imeingiaje? Mchanga wa pwani usiooshwa, maji ya kisima cha chumvi kwenye zege, maji yanayopanda kutoka chini, upepo wa bahari. Maji yaliyofurika yenyewe huyeyusha chumvi iliyo ndani na kuileta juu yanapokauka. Kuijua: dondosha tone la maji kwenye ule weupe. Chumvi itayeyuka, ukungu utabaki.

ZUHURA: Usioshe! Ukiosha waiyeyusha, inarudi ndani. Isugue kavu kwa brashi, uikusanye chini kwa gazeti, uitupe nje. Ikiwa nyingi, loweka karatasi nyeupe kwa maji matamu, iponde iwe uji mzito, uipake sentimita moja au mbili, uiache ikauke kabisa, uibandue. Inatoka na chumvi. Rudia mara mbili tatu.

ATHMAN: Na ukungu?

ZUHURA: Barakoa, glavu, maji ya sabuni, kausha. Jiki kwenye vigae sawa. Kwenye plasta huondoa rangi ya ukungu tu na mizizi inabaki. Na usichanganye jiki na siki, hutoa gesi ya klorini.

ATHMAN: Plasta sasa. Nyumba za matumbawe zilipigwa chokaa, na chokaa hupumua. Mtu akiona imebomoka anaweka simiti juu yake, ngumu, safi. Simiti inafunga maji ndani, yanapanda yakitafuta pa kutokea, na mwaka ujao doa liko kifuani badala ya gotini.

ZUHURA: Bandua hiyo simiti mpaka sentimita 50 juu ya alama ya juu ya unyevu. Chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa mtoni uliooshwa. Lowesha ukuta kidogo, piga tabaka la milimita 10, ngoja lishike kabla ya la pili, na siku kadhaa nyunyizia maji jua lisilikaushe haraka. Miwani na glavu, chokaa huunguza macho. Rangi ya mafuta, hapana. Paka chokaa au rangi inayopitisha mvuke.

ATHMAN: Slebu ikiwa na ufa ulionyooka wenye maji ya kahawia, hilo si la plasta.

ZUHURA: Ni nondo. Kutu huvimba, hupasua zege. Fundi achimbe mpaka nyuma ya nondo sentimita mbili, aisugue ing'are, apake dawa ya kutu, ajaze zege la ukarabati. Nondo ikiwa imeliwa sana, ita injinia, na watu wasilale chini yake.

ATHMAN: Na tangi lenyewe, lililoanzisha yote?

ZUHURA: Maji ya mgao huja usiku watu wamelala, kwa hivyo boya, lile linalofunga maji tangi likijaa, ndilo mlinzi. Linyanyue kwa mkono kila mwezi. Maji yakiendelea kudondoka, badilisha washa ya mpira. Bomba la kufurika liwe nene kuliko la kuingizia, kama linaingia nusu inchi, litoke kwa inchi moja. Na ncha yake isimwagie slebu. Ipite ukingo wa paa, idondokee mahali mtu wa chini ataiona na kupiga kelele.