Hujisikii kuumwa? Kapime hivyohivyo

Jamani hili nimelisema sana na nitalisema tena leo, maana kila nikimaliza kuongea kuna mtu ananifuata pembeni, daktari mimi sijisikii kuumwa, nipime ya nini? Ndugu zangu, kisukari aina ya pili ndivyo kilivyo, kinakaa mwilini miaka na hausikii kitu.

Tuelewane hapa. Kongosho inatoa insulini, insulini inaitoa sukari kwenye damu inaiingiza kwenye seli, sasa mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini zile seli zinakuwa sugu, haziisikii insulini, kongosho inaona hivyo inatoa nyingi zaidi, na zaidi, na ukipima sukari iko sawa kabisa kumbe kongosho inahenyeka. Siku ikizidiwa ndo sukari inapanda, na inapanda polepole mpaka mwili unaizoea. Kiu na kukojoakojoa usiku vinakuja mambo yameshaenda mbali. Wengine wanaenda kliniki ya macho wakijua wanahitaji miwani tu, mtaalamu anachungulia nyuma ya jicho anakuta vimishipa vinavuja damu, ndo wanaambiwa una sukari, na hiyo siyo ya jana wala juzi!

Najua kuna anayesema mimi sili vitu vitamu. Sawa, lakini wanga wote unageuka sukari, na kukaa kutwa nzima bila kuusogeza mwili kunachangia, na urithi je, mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nacho na wewe umo. Mwingine atasema mimi mwembamba. Wembamba wanaugua pia, mikono na miguu myembamba huku mafuta yamejificha ndani ya tumbo, chukua futi ya fundi cherehani ujipime, kiuno kikizidi nusu ya urefu wako tayari ni tatizo.

Halafu kina mama, hili linaniuma kwelikweli. Ulipata kisukari cha mimba, ukajifungua, sukari ikashuka, ukaambiwa umepona, basi hakuna aliyekuita tena. Hatari yako ni mara nyingi zaidi ya mwenzako ambaye hakukipata, unatakiwa upimwe wiki chache baada ya kujifungua na uendelee kupima miaka yote, hata mtoto akishakua.

Presha, umri, sigara, hivyo mnavijua, muda unanibana.

Kipimo: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na kuendelea, ikirudiwa ikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari. Iko juu ya kawaida ila haijafika hapo? Msikate tamaa, utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002 ulionyesha watu wa aina hiyo wakipunguza uzito kidogo, kama asilimia 7, na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, walioishia kwenye kisukari walipungua kwa asilimia 58, zaidi hata ya waliopewa vidonge. Kutembea kwa haraka kunatosha.

Haya, mwenye mzazi au ndugu mwenye sukari anyooshe mkono, naanza na maswali yenu nyie.