Kabla Hujaipakia Kompyuta Kwenye Bajaji

(Mhadhara wa fundi kwa wenye steshenari, Dodoma mjini)

Mbukwenyi! (Ukumbi unaitikia.) Haya, sasa najua niko nyumbani. Kabla sijasema lolote, nibonyeze hiki kidude. (Anawasha kompyuta iliyo mezani.) Hii ni Dell OptiPlex 3020. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni i5-4590; RAM, ile meza ya kuwekea kazi inayoendelea, ni GB 8; na hadidiski, kabati la mafaili, ni ile ile iliyozaliwa nayo. Ni ya steshenari moja ya Chang'ombe, mwenyewe yuko pale nyuma anajificha. Tuiache iwake. Mwenye saa atutunzie muda.

Swali lenu mmeshaniuliza mlangoni kabla sijaingia: niiongezee nguvu, au niiache dukani, niongeze hela nipewe nyingine? Mimi huwa nauliza kwanza inaumwa nini. Hapo ndipo watu wananikasirikia, maana mtu keshaamua, anachotaka kwangu ni baraka tu.

Kuna dada mmoja wa hapa mtaa wa Kikuyu alinishushia sipiyu kutoka kwenye bajaji, kaifunga kanga kama mtoto mchanga. Walishaelewana na duka: anaiacha, anaongeza laki tatu na nusu, anaondoka na nyingine. Kisa? "Fundi, haifungui mtandao, imezeeka." Nikaiwasha. Ikaniambia leo ni mwaka 2012. (Kicheko.) Kile kibetri cha saa, CR2032, kilicho kama sarafu pale kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kilikuwa kimekufa. Kila umeme ukikatika, saa inarudi ilikotoka. Sasa tovuti za benki na za maombi ya ajira zina vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2012 inaona cheti hakijaanza kazi, inagoma kufungua. Tukaweka betri mpya, tukarekebisha tarehe, mtandao ukafunguka. Laki tatu na nusu ikarudi kwenye pochi. Mimi nikapewa ya soda.

Kingine ni vumbi letu. Upepo wa kiangazi mnaujua, na sipiyu nyingi zinakaa chini sakafuni, karibu na mlango, feni inavuta kila kinachopita barabarani. Prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nimewahi kufungua moja nikakuta mjusi amekauka juu ya feni, na manyoya ya sijui kuku gani. Ipulize kwa blowa huku umeishika feni kwa kidole isizunguke, badilisha ile pesti ya juu ya prosesa, kisha ipandishe mezani. Nusu saa ya kazi.

Ikishakuwa safi na bado inaganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama pale palipoandikwa Disk. Ukiona asilimia 100, na wewe umefungua barua moja tu ya mteja, basi mgonjwa ni hadidiski. Ndani yake kuna sahani inazunguka na mkono unaohama huku na huku kutafuta faili. Kila kuhama kunakula kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Mnaona ni kidogo, lakini windo, yaani Windows, ikiwaka inatafuta vifaili maelfu kwa maelfu. Ni kama karani mmoja masjala, kila karatasi anainuka kwenda kabatini. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu, haina mkono wala sahani, faili linasomwa pale lilipo. Ndiyo maana mtu anaongeza RAM, halafu anarudi kulalamika kwamba mambo ni yale yale. Aliongeza meza, karani bado anatembea.

Na kabla ya kununua RAM, fungua uione iliyomo. DDR3 na DDR4 hazikai tundu moja, pengo la katikati limehamishwa makusudi. Tena angalia windo uliyopigiwa: kama ni ya biti 32, hata uweke GB 16 itatumia zisizozidi 4. Nimeshaona mtu aliyelipia 8 akaambiwa RAM ni feki, kumbe kosa ni la aliyempigia windo. SSD nayo, kwa mashine za umri wa hii, chukua ile bapa ya SATA, inayotumia waya ule ule wa hadidiski. Zile kama kijiti ni nzuri, lakini humu hazina pa kukaa.

(Sauti kutoka ukumbini: "Dakika nne, na bado inazunguka!") Iacheni. Hivyo ndivyo mteja wako anavyosubiri.

Sasa hili la kubadilishana. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, inaendelea kufanya kazi, ila viraka vya usalama haipati tena kama zamani, na ninyi mnachomekewa flashi za watu usiku na mchana. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama iliyomo ndani ya mashine. Kizazi, au jenereshen kama wanavyoita dukani, kinasomeka kwenye namba: i5-4590 ni cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Muuzaji akikwambia "hii ni i7, mama" na akanyamaza hapo hapo, muulize i7 ya ngapi. i3 ya kizazi cha nane inaweza kuiacha nyuma i7 ya kizazi cha pili.

Kwa hiyo ukitoa ya kizazi cha nne, ukaongeza hela, ukapewa ya sita, umelipa nauli ukashuka kituo kile kile. Zote mbili Windows 11 haizitambui. Mara nyingi ile ya dukani inakwenda mbio kwa sababu tu wameiwekea SSD, ambayo ungeiweka mwenyewe. Mimi nakubali mtu abadilishe pale anapovuka kwenda ya nane au zaidi, au mazabodi inapokuwa imekufa, au kazi yake ni video na michoro mizito. Kwa kuchapa barua, kuskani na kuprinti, SSD na RAM ya GB 8 zinakutosha. Windo ikikusumbua kuna Linux Mint, mfumo mwingine wa kuwekwa badala yake, haina malipo, ila hakikisha kwanza printa yako inakubaliana nayo.

Ukiamua kubadilisha, hadidiski chomoa ubaki nayo. Hili sitanii. Humo mna vitambulisho vya NIDA vya wateja, vyeti vya shule, mikataba ya viwanja. Kufuta au kufomati kwa haraka hakuondoi kitu, anayejua anavirudisha jioni moja. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Duka likikataa kuichukua bila diski, jiulize diski yako wanaitakia nini.

Haya, imefika wapi? (Sauti: "Imefunguka, lakini mausi haisogei." Kicheko.) Sawa, tuizime. Jana usiku niliinakili diski yake nzima kwenye hii SSD, kwa hiyo windo ni ile ile, mafaili ni yale yale. (Anafungua mfuniko, anahamisha waya mbili, anarudisha mfuniko bila skrubu.) Tuhesabu pamoja. Moja, mbili...

(Ukumbi unahesabu. Kwenye ishirini na tatu skrini ya kuanzia kazi inaonekana. Anafungua barua ya mteja, anaiprinti, anampa mama wa mbele.)

Ndiyo, mama, uliza.

"Mimi nimeambiwa niongeze laki nne, wanipe i5-6500. Yangu iko kwenye bajaji hapo nje."

Mwambie dereva aiingize ndani.