Nimekuwa jaji wa maonyesho ya sayansi, nikaulizwa swali mimi

Jamani, habari zenu. Mniwie radhi kwa sauti, niko ndani ya gari kwenye maegesho ya shule, na shingoni bado nina kitambulisho kilichoandikwa "Jaji". Nisiporekodi sasa hivi, nikifika nyumbani nitalala na hii video mtaisikia mwakani.

Leo nimejitolea kuwa jaji kwenye maonyesho ya sayansi ya sekondari. Malipo hakuna. Na kabla hamjaniandikia: hapana, si lazima uwe profesa. Mnajua mimi ni fundi wa maabara, napima maji. Niliokaa nao walikuwa muuguzi, mama mmoja mhandisi aliyestaafu na kijana wa takwimu. Wanachotaka ni uijue kazi yako, na useme mapema kama kuna mtoto unayemfahamu, ili usipangiwe meza yake.

Huku Marekani mashindano haya yana ngazi. Unaanza shuleni, unapanda, na kileleni kuna ISEF, yaani maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi wa sekondari, ambayo yalianza 1950 kule Philadelphia na kuwa ya kimataifa mwaka 1958. Ndiyo maana hata huku chini wanafuata kanuni zake, na kanuni zenyewe si mchezo. Ukitaka kuwagawia wenzako dodoso la usingizi tu, kamati inalipitia kabla hujauliza swali la kwanza. Bakteria hawakuzwi nyumbani. Na mezani hauruhusiwi mmea, udongo wala maji! Yaani umehangaika na miche ya maharage wiki nane, siku ya maonyesho unakuja na picha zake.

Sasa sikilizeni hili la alama, maana ndilo lililonifanya nirekodi. Mwongozo wa ISEF una alama 100. Bango ni 10. Kumi tu! Mahojiano, yaani mtoto kusimama na jaji akajibu maswali, ni 25. Zilizobaki zinakwenda kwenye swali la utafiti, mpango wake, utekelezaji na ubunifu. Mimi niliisoma karatasi hiyo asubuhi, nikaielewa vizuri kabisa, halafu nikaingia ukumbini nikaisahau.

Kwa sababu meza yangu ya kwanza ilikuwa inang'aa. Kijana ana skrini na bango la rangi, na anaongea kama mtangazaji. Ametengeneza programu inayotazama picha ya jani na kusema kama lina ugonjwa, na inapatia kwa asilimia 98. Nikajaza alama kwa mkono mwepesi, mpaka nikakumbuka kuuliza: picha za kuijaribia ulizitoa wapi? Akanijibu bila wasiwasi, "Zilezile nilizoifundishia." Ah! Hiyo ni sawa na mwalimu kuwapa mtihani wenye maswali ya mazoezi ambayo majibu mmeshayakariri. Programu imekumbuka picha, haijajifunza ugonjwa. Nilimwambia atenge picha ambazo programu haijawahi kuziona, aanze kupima upya. Aliandika, na ninaamini atafanya.

Meza ya nne, binti. Bango limepinda, kaandika kwa mkono. Nadharia tete yake ilikuwa kwamba vumbi la mbao linaweza kuondoa rangi kwenye maji. Maji ya rangi anayapitisha kwenye vumbi lililowekwa juu ya karatasi ya kuchujia, yanatoka meupe kiasi. Wengi wangeishia hapo, waandike "imethibitishwa", wakanunue fremu ya cheti. Yeye akapitisha maji yaleyale kwenye karatasi tupu, bila vumbi. Rangi ikapungua karibu vilevile. Kumbe karatasi yenyewe ndiyo iliyokuwa inanyonya rangi!

Nikauliza, na hapa ninajilaumu, "Kwa hiyo jaribio lilishindikana?" Akanitazama hivi. Akasema, "Hapana. Lilinijibu." Kisha akafungua daftari, tarehe baada ya tarehe, amerudia kwa karatasi tofauti, na ukurasa mmoja umefutwafutwa mpaka umetoboka. Mimi nachuja maji kila siku ya kazi, na sijawahi kuishuku karatasi.

Tatizo likawa kwamba meza ya kwanza nilishaimiminia alama, juu hakuna nafasi tena. Wakongwe walicheka. Wakaniambia wao huandika kwa penseli na hawakazi namba yoyote mpaka wamezunguka meza tatu. Nikaazima kifutio. Kwenye chumba cha majaji yule mama mhandisi alimpigania binti wa karatasi kuliko mimi. Kijana wa takwimu alitaka kwanza ahesabu, akahesabu, akakubali. Matokeo siyasemi, yanatangazwa jioni.

Nimemwacha wa mwisho makusudi. Mvulana mdogo, nadhani ni darasa la 9, ambao ndio wa chini kabisa wanaoruhusiwa ISEF. Maharage: miche mitatu kwenye mwanga wa buluu, mitatu kwenye mwekundu. Ya buluu yote ilikuwa mifupi, basi ameshahitimisha. Nikatoa sarafu mfukoni, nikajifanya mwalimu. Nikamwambia, ukirusha hii mara tatu, nafasi ya kupata kichwa mara zote tatu ni moja katika nane. Si ajabu hata kidogo, inatokea kwa bahati tu. Miche mitatu ni sarafu tatu. Ongeza, rudia. Nilijisikia vizuri sana, nisiwafiche.

Akafikiri, halafu akaniuliza, "Nyinyi kazini mnapima maji mara ngapi?"

"Mara mbili kwa kila sampuli."

"Kwa nini mbili?"

Jamani. Miaka yote hii. Nilimwambia ukweli, kwamba nilipoajiriwa nilikuta ni mbili. Akaandika kwenye daftari lake, sijui aliandika nini, nikaona aibu kuchungulia.

Jumatatu ninakwenda kumuuliza msimamizi wangu. Ngoja niwashe gari, mlinzi anafunga geti.