Nyumba inukie bila difyuza: spiriti, pamba na matone machache

Mwangaluka jamani, karibuni tena jikoni kwangu Kirumba, hapa Mwanza, leo ni ile mada mliyoniandama nayo wiki nzima, nyumba inukie vizuri na hela isiishe. Difyuza ya umeme, kile kifaa cha kusambaza harufu, weka pembeni, hatuihitaji.

Ila kabla ya mafuta yoyote toa uvundo kwanza. Mi nakaa karibu na soko la samaki la Mwaloni, dagaa nazijua. Ukipulizia mchaichai juu ya harufu ya sato wa jana unapata sato wa mchaichai, basi. Fungua madirisha mchana upepo unapotoka ziwani, mwaga takataka, na ule ubao wa kukatia samaki usugue kwa limau au siki, maana shombo la samaki tindikali ndiyo inaizima, sabuni peke yake inahangaika tu.

Haya, mafuta. Naongelea mafuta ya mimea yale makali ya kichupa kidogo, siyo ya nazi ya kujipaka. Kichupa cha mili 10 mi nauza 8,000, ndani kuna matone kama 200, yaani tone shilingi 40, piga hesabu mwenyewe na ile sprei ya dukani.

Tunaanza na ya kupulizia. Chupa ya sprei ya mili 100, imeoshwa, imekauka. Spiriti ya duka la dawa vijiko viwili vya chakula, ndani. Sasa hapa ndo pa kutulia. Mafuta yanaingia kwenye SPIRITI, maji bado. Maji bado! Matone 20, inamisha kichupa taratibu, usikitikise kama chumvi, acha lidondoke lenyewe... kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Funga, tikisa vizuri. Ndo unaongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka shingoni.

Mwanangu sogeza simu huku, jua linapiga hatuoni kitu. Zaidi. Hapo hapo. Mnaona imekuwa nyeupe kama maji ya mchele? Ndo tunachotaka. Sasa angalieni hii glasi nyingine, nimetia maji kwanza makusudi mjionee, haya macho ya mafuta yanaelea juu, ukipulizia hii unapuliza maji matupu halafu mwishoni mafuta makavu yote yanatua kwenye kochi. Spiriti kwanza, nimesema mara ngapi? Na hata ukipatia, tikisa kila unapotaka kupulizia, maana yakikaa yanajitenga. Spiriti inawaka moto, usipulizie karibu na jiko.

Subiri, kuku wa jirani kaingia... shii! Toka! Haya.

Ya pili ni rahisi mno, pamba na feni. Matone mawili kwenye pamba, ifunge kwa uzi kwenye wavu wa NYUMA ya feni, washa. Ukifunga mbele itaning'inia kwenye upepo na siku moja itakuangukia kwenye ugali. Choo nacho, matone mawili ndani ya lile boksi la katikati ya tishu, umemaliza.

Ya tatu, kabati la viatu. Chupa ya jamu iliyoisha, ya kioo, maana mafuta makali yanakula baadhi ya plastiki, bekinsoda nusu chupa, matone 10, koroga, funika na kipande cha khanga ufunge na mpira. Bekinsoda yenyewe inapunguza uvundo. Harufu ikififia itingishe, ikigoma ongeza matone.

Na msidondoshe kwenye meza yenye vanishi! Weka kisahani chini, kila mara, kisahani. Hiyo alama nyeupe hapo mezani kwangu mnaiona, msiniulize.

Asiye na hela kabisa, ukishapika mkaa ukibaki wa kufifia bandika sufuria chakavu lenye maji, majani ya mchaichai na maganda ya limau. Ukitaka mafuta, ipua kwanza ndo udondoshe matatu. Kwenye kaa la moto usidondoshe, yanalipuka moto.

Harufu gani? Sebuleni mi mchaichai, mkaratusi chooni. Karafuu naipenda ila tone moja tu linatawala nyumba nzima, wageni watadhani unatibu jino. Mchaichai mbu hawaupendi sana, lakini chandarua tundika vilevile.

Mwenye kichanga asitumie mkaratusi chumbani kwa mtoto, mwenye pumu ajaribu kidogo madirisha wazi, na mwenye paka aache kabisa, hasa karafuu, maana ini la paka haliwezi kuyavunja haya mafuta.

Mchaichai upo, mkaratusi upo, karafuu imeisha mpaka mzigo ushuke na basi. Wa Igoma na Buzuruga boda juu yenu.